Shajara ya mradi: kumpiga picha kiwavi wa mndimu kwa mwanga wa jua peke yake

Siku ya 1

Yai moja limeonekana kwenye jani changa la mndimu, karibu na ncha ya tawi. Ni la mviringo, rangi ya maziwa yenye unjano kidogo, na upana wake ni milimita 1 hivi. Jike wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, hutaga yai mojamoja, hapa moja na kule jingine. Hupenda majani laini ambayo kiwavi mchanga ataweza kuyatafuna. Tawi hili ndilo kituo cha kazi kuanzia leo: yai, hatua tano za kiwavi, mpaka siku atakapojifunga uzi na kutulia awe pupa.

Masharti ni mawili. Hakuna flashi wala taa. Na kiwavi hagandishwi kwa baridi, hagundishwi, wala hashikwi kwa koleo ili atulie.

Sharti la kwanza si ubishi wa bure. Nguvu ya flashi hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo ukipiga kwa karibu hivi, flashi humwangaza kiwavi na kukiacha gizani kila kilicho nyuma yake. Unapata kiwavi wa mchana anayeonekana kama kapigwa usiku wa manane. Jua humwangazia kiwavi, jani lake na kijani cha nyuma kwa pamoja, na picha inabaki na mahali pake.

Vifaa: kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 na pikseli milioni 24; lenzi ya makro ya milimita 100 inayofika 1:1, yaani taswira kwenye sensa inalingana kwa ukubwa na kitu chenyewe; lenzi ndogo ya kubana mbele, Raynox DCR-250, yenye nguvu ya dioputa 8; tripodi; kitambaa cheupe chepesi kilichotandwa kwenye duara la waya lenye upana wa sentimita 30; kadi mbili nyeupe za ukubwa wa daftari; fimbo nyembamba ya mwanzi na vibanio vinne vya nguo. Asiye na lenzi ya makro akichukua lenzi ya kawaida ya milimita 50 na tyubu za kurefushia (mabomba matupu yanayokaa kati ya kamera na lenzi) zenye jumla ya milimita 50, atafika 1:1 vilevile, kwa sababu ukuzaji unaoongezeka ni urefu wa tyubu ukigawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Kasoro yake ni kwamba lenzi hukaribia mno na kumtilia kiwavi kivuli. Lenzi ya milimita 100 huacha nafasi ya sentimita 13 hadi 15 kati ya ncha yake na kiwavi, na nafasi hiyo ndiyo mlango wa mwanga.

Siku ya 2

Hakuna picha leo, hesabu tu, maana wengi hupoteza picha zao hapa kabla hawajabonyeza shata.

Lenzi inapokaribia kitu, tundu la kupitishia mwanga lililoandikwa f/8 halibaki f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Tundu halisi ni namba iliyoandikwa ikizidishwa kwa (1 + ukuzaji). Kwa 1:1, f/8 huwa f/16, yaani mwanga unaofika kwenye sensa umebaki robo, stopu 2 zimekwenda, kila stopu ikiwa nusu ya mwanga. (Kamera chache huonyesha namba halisi zenyewe, soma maelezo ya kamera yako kwanza usije ukahesabu mara mbili.) Anayebana hadi f/16 akitafuta kina zaidi cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayotoka kali, anapiga kwa f/32 bila kujua. Kwenye tundu dogo namna hiyo mwanga hutawanyika wenyewe, na nukta moja ya ngozi ya kiwavi huangukia sensa kama doa la maikromita 43 hivi, wakati pikseli ya sensa hii ina upana wa maikromita 6. Hapo kila kitu kiko ndani ya fokasi na hakuna kilicho kikali. Kwa f/16 halisi doa hilo ni kama maikromita 21, na kunoa kidogo kwenye kompyuta kunatosha.

Uamuzi: tundu halisi libaki f/16 mradi mzima. Kwa ukuzaji wa nusu hiyo ni f/11 kwenye kamera. Kwa 1:1 ni f/8. Kwa mara 2 kwa kutumia tyubu ni f/5.6. Raynox ina tabia yake: tyubu hula mwanga, lenzi ya kubana mbele haili. Makro ikiwa kwenye 1:1 na Raynox mbele yake, ukuzaji hufika karibu mara 2, na f/8 ya kwenye kamera hubaki f/16 halisi ileile.

Kina cha fokasi kwa tundu hilo ni karibu milimita 4 kwa ukuzaji wa nusu, milimita 1 kwa 1:1, na robo milimita kwa mara 2. Namba hizi tatu zibandikwe mahali zinapoonekana. Ndizo zitakazotawala kila kitu.

Tundu halisi lisipobadilika, mwangaza nao haubadiliki unapokaribia au kurudi nyuma. Jua kali lisilo na wingu, ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 100: sekunde 1/100. Kitambaa kimoja cheupe hula stopu 1, inabaki 1/50. Tukitaka 1/400, ISO inapanda hadi 800. Mawingu meupe yaliyotanda hula stopu 2 hivi, na hapo kitambaa hakihitajiki tena: ISO 800 inatoa 1/200.

Siku ya 3

Tripodi imeshindwa.

Kamera ilikuwa imara kabisa, waya wa kubonyezea upo, kioo cha ndani ya kamera kimenyanyuliwa mapema, na bado yai limetoka na ukungu karibu kila fremu. Kosa si la kamera. Upepo ambao hata shavuni hauusikii unalisogeza jani milimita 10 kwa sekunde bila taabu. Kwa 1/100 jani limesogea sehemu ya kumi ya milimita wakati shata iko wazi, na kwa 1:1 msogeo huo huo unaandikwa kwenye sensa: pikseli 16 au 17 za mburuzo. Kwa 1/400 ni pikseli 4. Kwa 1/1000 ni chini ya 2.

Jibu la haraka ni kupandisha kasi ya shata, nalo ni nusu ya jibu. Jani halitikisiki kushoto na kulia tu. Linakuja na kurudi pia, na kina chetu ni milimita 1. Shata ya 1/1000 inaweza kulisimamisha jani, lakini haiwezi kulirudisha kwenye fokasi. Ndiyo maana katika fremu za leo zipo ambazo hazina mburuzo hata kidogo, na zilichokamata kwa ukali ni mshipa wa jani milimita 2 nyuma ya yai.

Kwa hiyo swali la mradi limebadilika. Tulianza kwa kuuliza namna ya kuituliza kamera. Kinachotakiwa kutunzwa ni umbali kati ya lenzi na kiwavi. Vyote viwili vikitikisika pamoja, hakuna ubaya.

Siku ya 4

Fimbo ya mwanzi imechomekwa udongoni kando ya tawi, na tawi limebanwa kwa vibanio viwili: kimoja sentimita 5 chini ya jani, kingine kwenye ncha. Kibanio kimoja peke yake hakitoshi, kwa sababu jani huzunguka juu yake kama mlango kwenye bawaba. Kati ya kibanio na gome weka kipande cha kitambaa, na usibane kikonyo cha jani chenyewe. Kikichubuka, jani hunyauka na kujikunja baada ya siku moja, na jani lililojikunja ndani ya picha huonekana hata kwa asiyejua mimea.

Msogeo umepungua sana. Haujaisha, kwa kuwa fimbo nayo hupepea. Yai limepatikana kwa 1:1, mwanga wa saa mbili asubuhi, jua la pembeni limekatwa kwa kitambaa. Upande mmoja wa yai unaanza kupiga weusi.

Siku ya 5

Ameanguliwa alfajiri. Urefu milimita 3, kichwa cheusi kinachong'aa, mwili wa kahawia wenye miiba midogo. Mlo wake wa kwanza ni ganda la yai lake mwenyewe, na mlo huo haurudiwi, kwa hiyo anayetaka picha hiyo awepo mapema. Yai likishakolea weusi, usingoje asubuhi ichanganye.

Kwa 1:1 kiwavi wa milimita 3 anachukua sehemu moja ya kumi na mbili ya upana wa fremu, pikseli 500 kati ya 6000. Hiyo ni picha ya jani lenye uchafu. Raynox imevaliwa, na sasa yuko kwenye pikseli 1000. Lakini kina ni robo milimita, na kichwa chake peke yake kinazidi hapo.

Fokasi ya kujiendesha imezimwa na haitawashwa tena. Kwa ukuzaji huu inakwenda na kurudi bila kupata pa kushika. Lenzi inafungwa kwenye ukuzaji uliokusudiwa, halafu mwili mzima unasogea mbele taratibu, ukibonyeza fremu tatu au nne mfululizo kadiri ukali unavyopita juu ya kichwa. Mojawapo itaangukia mahali pake.

Siku ya 7

Leo ndiyo siku ambayo mradi umefunguka, na hakuna kifaa kilichoongezwa.

Mkono wa kushoto unashika tawi, kidole gumba na cha shahada, sentimita 4 au 5 chini ya kiwavi. Ncha ya lenzi inalazwa juu ya mkono huohuo, penye kiungo cha kidole gumba. Mkono wa kulia unashika kamera. Sasa tawi, mkono na lenzi ni kitu kimoja. Upepo ukija, vyote vinakwenda pamoja. Mkono ukitetemeka, tawi linatetemeka nao. Fokasi inapatikana kwa kukunja vidole vya kushoto kidogo tu, na tawi linakaribia au kurudi nusu milimita kwa utulivu ambao hakuna gurudumu la tripodi linaloweza kuufikia.

Kwa namna hii 1/200 inatosha pale ambapo juzi 1/800 ilishindwa, na ISO imeshuka kutoka 1600 hadi 400. Tofauti inaonekana kwenye miiba: kwa ISO 1600 chembechembe za picha huungana na vinywele vyembamba, usijue kipi ni kiwavi na kipi ni kelele ya sensa.

Mambo matatu yanayoharibu. Kulishika tawi ghafla: kiwavi huinua kichwa na kukaa hivyo dakika kadhaa. Shika tawi mbali kwanza, kisha sogeza vidole polepole kuelekea kwake. Kuzuia pumzi muda mrefu: mikono huanza kutetemeka baada ya sekunde chache, afadhali utoe pumzi nusu, ubonyeze, upumue. Na viwiko kuning'inia. Viwiko vikae kwenye mbavu au magotini, la sivyo mkono wa kushoto unakuwa na kazi mbili na haufanyi hata moja vizuri.

Angalizo kwa atakayetumia mbinu hii kwa viwavi wa aina nyingine: wenye manyoya mengi wanaweza kuwasha vibaya. Usimshike usiyemjua, na kagua tawi zima kabla ya kuweka vidole.

Siku ya 9

Hatua ya pili. Sasa anafanana kabisa na kinyesi cha ndege: kahawia iliyoiva, na katikati ya mgongo bonge jeupe. Ni kinga nzuri kwake na ni mtihani kwa mpiga picha. Kipimo cha kamera kinaona weusi mwingi, kinaongeza mwanga, na weupe wa mgongoni unaungua kuwa bati tupu lisilo na mikunjo wala vinyweleo. Punguza theluthi mbili za stopu, tazama histogramu (grafu ya mwangaza) ya rangi mojamoja badala ya ile ya jumla, na piga faili ghafi, yaani RAW. Kahawia iliyozama inaweza kuinuliwa baadaye, lakini weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Kitambaa kimefanyiwa kazi zaidi leo. Sheria yake ni kwamba ulaini wa mwanga unategemea ukubwa wa kitambaa kikionekana kutoka alipo kiwavi. Duara la sentimita 30 likiwa umbali wa mita 1 ni dirisha dogo, na kichwa kinachong'aa kinaonyesha nukta kali nyeupe. Likiwa sentimita 15 juu ya kiwavi linakuwa mbingu nzima kwake. Ile nukta inatanuka, inafifia, na umbo la kichwa linaanza kusomeka. Likigusa jani, limezidi. Karatasi ya kuokea inafaa pia, na hata kopo la plastiki la rangi ya maziwa lililokatwa kitako. Karatasi ya alumini kwa kurudisha mwanga upande wa kivuli haifai: inarusha vipande vya mwanga mkali, kila mkunjo jua lake. Kadi nyeupe, sentimita 10 kutoka kwake, inatosha.

Siku ya 11

Picha za jana zote zina kijani mwilini mwa kiwavi asiye na kijani hata chembe. Sababu ni majani. Tawi liko ndani ya kichaka, na mwanga unaomfikia kiwavi umepenya au umeruka kutoka kwenye majani mengine. Mizani ya weupe ya kujiendesha, yaani kamera kujisawazishia rangi yenyewe, inaliona jani kubwa la kijani ndani ya fremu na kuchanganyikiwa zaidi.

Marekebisho: piga fremu moja ya kadi nyeupe ikiwa mahali hasa alipo kiwavi, chini ya kitambaa kilekile, kisha tumia fremu hiyo kusawazisha rangi. Kadi iliyowekwa nusu mita pembeni inapima mwanga mwingine. Kwa jua lililopita kitambaa, namba za rangi ya mwanga zimekuwa zikiangukia karibu na kelvini 5300. Kwenye kivuli cha anga ya buluu hupanda hadi 7000 na zaidi. Majani ya jirani yanayorusha kijani yafunikwe kwa kadi, yasikatwe. Ni chakula chake.

Siku ya 14

Ameacha kula tangu jana jioni. Amekaa juu ya utandu mwembamba wa hariri alioufuma mwenyewe kwenye jani, na nyuma ya kichwa cha zamani uvimbe umeanza: kichwa kipya kinajiandaa. Anakaribia kujivua gamba, na kwa muda wa siku moja hivi hatasogea. Ni nafasi ya pekee ya kuunganisha fremu nyingi zenye fokasi tofauti, kazi ambayo kwa kiwavi anayetembea haiwezekani.

Asibanduliwe kwa hali yoyote. Ule utandu ndio anaoung'ang'ania kwa miguu ya nyuma ili aweze kutoka ndani ya ngozi. Ukimwondoa, hana pa kujivutia. Tawi zima limekatwa taratibu na kutiwa kwenye chupa ya maji, mdomo wa chupa ukazibwa kwa pamba kuzunguka tawi asije akashuka na kuzama, na chupa ikawekwa sentimita 40 kutoka dirisha linalotazama upande usiopigwa na jua. Mwanga wa dirisha ni mwanga wa jua uleule, isipokuwa hauna upepo. Kadi nyeupe upande wa pili.

Ndani ya chumba tripodi imerudishiwa heshima yake. ISO 100, f/8, sekunde 1, shata ya kielektroniki ili kamera isijitikise yenyewe. Ukuzaji 1:1, fremu 14, kila moja ikisogezwa milimita 0.6. Hatua iwe pungufu ya kina cha fokasi kwa theluthi moja angalau. Ukisogeza milimita 1 kamili, kila maungio yanaacha mstari wa ukungu mgongoni, kama pete. Fremu ziunganishwe kwa programu ya kazi hiyo, Zerene Stacker au Helicon Focus.

Mfululizo wa kwanza umeharibika: wingu limepita katikati, fremu tano zikawa nyeusi kuliko nyingine, na mgongo ukatoka na mapande. Kwa mwanga wa asili, subiri anga iwe moja, ama bluu tupu ama mawingu matupu, na funga mwangaza na mizani ya weupe kabla ya fremu ya kwanza. Mfululizo wa tatu umekubali. Matundu ya pumzi yanaonekana yote ya upande mmoja: moja kwenye pingili ya kwanza nyuma ya kichwa, na manane tumboni, kila moja na ukingo wake.

Siku ya 15, kwa ufupi

Simu imejaribiwa sambamba kwa ajili ya wasio na kamera. Tatizo kubwa ni kwamba ukikaribia, simu hubadili lenzi yenyewe, ghafla, kwenda ile pana sana yenye ubora mdogo. Funga lenzi kuu kwenye mipangilio, rudi nyuma kidogo, bana kilenzi cha kukuza mbele yake, funga fokasi na mwangaza kwa kubonyeza kioo kwa muda, kisha tumia mkono wa kushoto vilevile: simu ilale kwenye mkono ulioshika tawi. Kwa viwavi wa sentimita 2 kwenda juu matokeo yanaridhisha.

Siku ya 18

Tawi lilirudishwa bustanini mara tu alipomaliza kujivua siku ya 15, likafungwa kwenye tawi hai, naye akahamia mwenyewe. Sasa amejivua kwa mara ya nne na kuingia hatua ya tano, akiwa wa kijani, mwenye mikanda ya kahawia na weupe. Kinyesi cha ndege kimegeuka jani.

Na ameleta swali la fokasi. Mabegani ana madoa mawili makubwa mfano wa macho, nayo si macho. Kichwa chenyewe ni kidogo, kimeinama chini ya mabega hayo, na macho halisi ni vidoa sita kila upande, karibu na taya, vidogo kuliko kichwa cha pini. Anayetazama picha huvutwa na macho ya uongo kwanza. Kwa picha ya ubavuni hakuna ugomvi: ukuzaji wa nusu, f/11, kina cha milimita 4, sensa sambamba na mwili, na vyote viwili vinaingia. Kwa picha ya uso kwa uso kwa 1:1, milimita 1 haigawiki. Msimamo wetu ni kichwa halisi. Doa la bega likiwa na ukungu bado linasomeka kama doa kwa sababu ni kubwa. Macho halisi yakipata ukungu yanatoweka kabisa, na mtazamaji anaondoka akiamini kuwa kiwavi huyu anaona kwa mabega.

Kosa dogo la usambamba linagharimu. Kiwavi wa milimita 40 akiwa amekaa mshazari kwa nyuzi 10 tu, mkia wake uko milimita 7 nyuma ya kichwa. Simama juu yake na umwangalie kutoka utosini kwanza, ulinganishe mgongo wake na mgongo wa kamera, ndipo uiname.

Siku ya 20

Anakula. Anaushika ukingo wa jani kati ya miguu yake sita ya kweli, ile ya kifuani, kama mtu ashikavyo ukingo wa mkate kwa vidole. Kichwa kinanyooka mbele kadiri shingo inavyofika, kinaanza kukata, na kinashuka kuelekea kifuani kwa msitari wa upinde, taya zikifunguka na kufungana kwa mwendo sawa. Kikifika chini, kinainuka na kurudi juu kuanza upinde mpya. Ukiweka sikio karibu, unasikia.

Kupiga katikati ya upinde ni kupoteza fremu. Kichwa kina mwendo hata kwa 1/500. Pale chini, kabla ya kuinuka, kuna kituo kifupi sana. Hesabu mizunguko mitatu au minne ili upate mdundo, kisha bonyeza kidogo kabla kichwa hakijafika. Baada ya mlo hupumzika kwa muda mrefu, na hapo ndipo pa kubadili upande wa mwanga.

Mwanga bora kwa mlo umekuwa wa nyuma kidogo, jua likiwa upande wa pili wa jani, saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni. Jani linawaka kama kioo cha rangi, mishipa inaonekana, na ukingo uliotafunwa unapata mstari mwembamba wa mwanga. Kadi nyeupe upande wa kamera inaurudishia uso wake mwanga. Bila kadi, uso ni kivuli kitupu. Kitambaa hapa kiondolewe, kinaua ule mstari.

Siku ya 22

Tawi liligongwa na lenzi, naye akatoa pembe: kiungo laini cha rangi ya chungwa chenye ncha mbili, kutoka nyuma ya kichwa, pamoja na harufu kali. Fremu mbili zimepatikana, zote zina mburuzo, na hazitatafutwa nyingine kwa makusudi. Ni silaha yake dhidi ya wanaomla, na kumchokoza aitoe tena na tena ni kumchosha kwa ajili yetu. Pembe ikitoka, kamera hurudi nyuma, dakika 10 hupita. Kipimo hichohicho kinatumika kwa joto: mchana wa jua kali haturuhusu zaidi ya dakika 5 mfululizo juu ya kiwavi aliyetolewa kivulini.

Siku ya 25

Ametoa choo chepesi chenye maji, ameliacha tawi lake, na anatembea bila kula. Siku yenyewe imekaribia. Kumfuata kwa 1:1 akiwa anatembea hakuna maana. Ukuzaji umeshushwa hadi robo, f/13, 1/500, ili angalau njia yake ibaki kwenye kumbukumbu. Vibanio vyote vimeondolewa mtini asije akachagua kimojawapo kuwa mahali pa kujifunga.

Siku ya 26

Amechagua kijiti kinachoelekea juu, sentimita 60 kutoka ardhini, upande wa ndani wa kichaka. Mkia umenasa kwenye kibonge cha hariri na uzi umeshapita mgongoni, umemshika kama mkanda. Mahali penyewe ni pagumu: kivuli kizito, ISO 800 inatoa 1/25 tu. Mkono wa kushoto umeshika kijiti sentimita 10 chini yake, mbali kuliko kawaida, kwa sababu uzi huo haustahili kutikiswa. Kadi mbili zinarudisha mwanga kutoka kwenye upenyo wa majani. Uzi umeonekana vizuri pale tu mwanga ulipotokea pembeni ukiwa na majani meusi nyuma. Mwanga wa mbele unaufuta kabisa.

Fremu ya uzi imepatikana kwa 1:1, 1/40, ya tisa katika mfululizo. Kinachobaki ni ngozi ya mwisho kuvuliwa, kwa kawaida ndani ya siku moja tangu ajifunge. Fimbo ya pili ya mwanzi imechomekwa nyuma ya kijiti, haijagusa chochote, na kamera imefungwa juu yake moja kwa moja kwa kamba ya mpira. Kitambaa kiko tayari kwa saa ambayo jua litafika upande huu, kati ya saa nne na saa tano asubuhi.